Salamu Zetu Hazimo

Ndugu zangu, tarehe 5 Septemba 1977 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Voyager 1, na hadi leo kinakwenda. Sayari zote kimeziacha nyuma. Kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapo ulipoketi ukisoma, na ubavuni kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu. Humo mna salamu za wanadamu kwa yeyote atakayeiokota, lugha 55. Kisumeri kimo, lugha ambayo watu wake walikwisha kuzikwa zamani za kale. Kiakadi kimo. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, na Kiila cha Zambia, chenye wasemaji wachache kuliko wakazi wa Mombasa, nacho kimo. Mna wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri. Mna picha ya Jane Goodall, yule aliyewachunguza sokwe wa Gombe, yuko na sokwe wenyewe.

Kiswahili hakimo.

Sokwe wamepanda chombo, sisi tumebaki bandarini tukipunga mikono! Sisemi haya ili mwaonee kijicho Waganda. Hongera zao, wametuwakilisha majirani. Nasema kwa sababu aliyelipa nauli ndiye hupanga mizigo, nasi hatukulipa hata senti. Ndiyo maana leo napaza sauti: serikali zetu zitoe fedha za anga. Zitoe kwa setilaiti zinazotazama mashamba, na zitoe pia, wala msicheke, kwa kuuliza kama huko juu kuna anayeishi.

Haya si mambo ya kigeni kwetu. Nendeni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mpite mabwawa ya chumvi hadi mikoko inapoisha. Baharini mtaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yao, yamekula kutu, ndege wa pwani wametua juu. Ni ya Waitaliano, ya kurushia roketi. Wenyeji huyaita San Marco. Nilikaa pale na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu uliochanwa, uzi kauzungushia kidole gumba cha mguu. Nikamwuliza anakumbuka nini.

"Siku ya kurusha tulikuwa tunakatazwa kutoka, mwanangu. Mashua zote ufuoni. Kisha ngurumo, kisha moshi, kisha kimya. Tunarudi kuvua."

"Mliambiwa kilikuwa kinakwenda kufanya nini, mzee?"

Akakata uzi kwa meno. "Nani angetuambia?"

Basi sikilizeni mlilonyimwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka kwenye jukwaa lile iliruka roketi ya Marekani ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani kujengwa kwa kazi moja tu, kutafuta miali ya eksirei inayotoka mbinguni. Miali hiyo haifiki ardhini, hewa yetu huizuia, kwa hiyo asiyepanda juu haioni. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, alikipa chombo jina la siku yenyewe: Uhuru. Ndiyo, Uhuru, kwa Kiswahili! Uhuru ikaorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na kimojawapo, Cygnus X-1, kikaja kukubaliwa na wataalamu kuwa ni shimo jeusi, la kwanza kujulikana. Mwanasayansi aliyeongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Neno letu liko katika kila historia ya elimu ya nyota. Chombo hakikuwa chetu, fedha hazikuwa zetu, maswali hayakuwa yetu. Kilichokuwa chetu ni bahari, na ile bahati ya kuwa karibu na Ikweta, mahali ambapo dunia yenyewe huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa na kuisukuma roketi bure kuelekea mashariki. Mataifa mengine yangeipigania pwani hiyo kwa mizinga. Roketi ya mwisho iliondoka Ngomeni Machi 1988. Na Kenya ilipopata setilaiti yake ya Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, ilirushwa kutoka wapi? California. Tumebeba maji kuupelekea mto.

Sasa nasikia mnung'uniko, na mnung'uniko huo ni wa haki: hospitali hazina dawa, shule zina watoto wanaokaa chini, nawe unahubiri nyota? Ndugu yangu, nimekaa kwenye benchi la zahanati na mtoto ana homa mapajani mwangu. Nimepewa kikaratasi nikanunue dawa nje, duka lililo mkabala na lango, na muuzaji hakuuliza hata jina la dawa. Alikuwa amekwisha kuzipanga tayari. Hasira ya siku ile ningali nayo. Lakini siku ile hapakuwa na roketi hata moja katika nchi nzima. Iliyokula dawa ile haikuwa roketi.

Chukueni hesabu. Taifa-1 iligharimu shilingi milioni 50 au karibu na hapo. Zigawe kwa watu wa nchi hii: ni kama shilingi moja kwa kichwa, haipati hata peremende ya maana. Kwa shilingi hiyo moja vijana wetu wenyewe walishiriki kusanifu na kuunda jicho la kutazama mazao na misitu kutoka juu. Miaka mitano kabla yao, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimetoa kisetilaiti kidogo unachoweza kukibeba mkononi, kikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mnamo Mei 2018. Wanaoficha mabilioni wanafurahi sana tukigombana juu ya shilingi hiyo moja. Mwenye njaa anayeamini kwamba mnajimu ndiye aliyemlia ugali wake hatamtazama aliyeshika funguo za ghala. Kwa hiyo fedha za anga nazo zikaguliwe na Mkaguzi Mkuu kama za barabara, na atakayeziiba afungwe. Hilo nalihubiri kwa nguvu ile ile.

Tena, nani aliwadanganya kwamba kutazama juu ni anasa ya walioshiba? Wazee wetu walikuwa na njaa kutuzidi, na walitazama juu kwa sababu ya njaa. Walikijua Kilimia, kile kishada cha nyota kilichopewa jina la kulima, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nahodha alihesabu miongo tangu Siku ya Mwaka akajua lini atweke tanga. Waislamu hadi leo husimama ufuoni shingo juu wakitafuta mwezi mwandamo. Wakristo wanasimulia mamajusi waliofunga safari nzima kwa nyota moja. Asiyetazama juu huambiwa habari za mvua na jirani, na jirani huziuza.

Hapo wengi mtanikubalia. Setilaiti ya mazao, sawa. Utabiri wa ukame, sawa. Lakini viumbe wa sayari nyingine? Hapo mnafunga vitabu mnaondoka. Subirini kidogo.

Marekani kwenyewe walicheka hivyo hivyo. Tarehe 12 Oktoba 1992 NASA ilianza kusikiliza kwa darubini za redio kama kuna sauti kutoka nyota nyingine. Kazi ilihitaji kama dola milioni 12 kwa mwaka, chini ya senti kumi katika kila shilingi mia ya bajeti ya shirika lile. Mwaka mmoja tu ukapita, seneta Richard Bryan wa Nevada akasimama na kejeli zake, Bunge likaifuta. Je, swali lilikufa? Halikufa. Lilihamia mifukoni mwa matajiri. Wahisani wakalilipia, na mwaka 2015 bilionea Yuri Milner akatangaza dola milioni 100 za kuendeleza usikilizaji huo kwa miaka kumi. Namshukuru, kwa kweli. Lakini fikirini siku jibu likija! Swali kubwa kuliko yote aliyowahi kuuliza mwanadamu, je, tuko peke yetu, jibu lake liwe la mtu mmoja mwenye hundi? Bunge likijitoa, mwananchi naye ametolewa.

Na sikio la kusikilizia halihitaji miujiza. Afrika Kusini, kwa kodi ya watu wake, ilijenga madishi 64 ya darubini ya redio ya MeerKAT katika nusu jangwa la Karoo na kuyazindua mwaka 2018. Leo wanaosaka ishara za viumbe wengine hupeleka vyombo vyao huko. Ghana haikuwa na fedha za namna hiyo. Ilichukua dishi kuukuu la simu za kimataifa pale Kuntunse, mita 32, lililokuwa halina kazi tena, likakarabatiwa pamoja na Waafrika Kusini, na mwaka 2017 likaanza kuwa darubini ya redio. Kuukuu! Sisi tunayo madishi ya jinsi hiyo chini ya mlima Longonot, yaliyobeba simu zetu kwa miaka, na Kenya yenyewe imo katika orodha ya nchi nane zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa wa darubini ya redio. Kilichobaki ni mtu wa kuandika tarakimu kwenye bajeti.

Siombi twende Mwezini. Naomba mtoto wa Ngomeni anayeoshea wavu wa babu yake mbele ya majukwaa yale aambiwe yalifanya nini, kisha apate shule ya kumfikisha juu yake. Naomba siku chombo kingine kikiondoka na salamu, mwenye Kiswahili asitafutwe. Awe ndani ya chumba, ameshika kalamu, na fungu lake limelipwa.

Kila mwaka, kabla bajeti haijasomwa mwezi wa Juni, wananchi huitwa kutoa maoni. Najua mikutano ile: viti vya plastiki, soda za moto, ofisa anayetazama saa. Nendeni hivyo hivyo. Semeni maji, semeni dawa, semeni barabara, msiache hata moja. Na mkipewa fomu ya maoni mkakuta haina mstari wa anga, geuzeni karatasi mwandike pembeni, kwa herufi kubwa, jina na nambari ya kitambulisho chini yake.