Ladha ya Tumbaku Isiyo na Tumbaku: Hukumu ya Dhamiri

Kiungo cha ladha ya tumbaku ni matone machache yanayotiwa katika kimiminika cha sigara ya kielektroniki. Anayetengeneza kimiminika hicho nyumbani huchanganya gliserini na propilini glaikoli, huongeza nikotini akitaka, hutia ladha, kisha huacha mchanganyiko ukae hadi ukolee. Baadhi ya viungo hivyo hutolewa kwenye majani ya tumbaku yenyewe. Vingine hutengenezwa maabarani na havina hata chembe ya jani. Hapo ndipo swali la dini linapozuka: aliyekatazwa tumbaku, je, amekatazwa na ladha yake pia?

Kikima, mji wa soko katika vilima vya Mbooni, Makueni, ni mahali ambapo swali hili lina mizizi. Huko Ukambani, eneo la Wakamba, wazee wamezoea kupeana ugoro wanapoketi kuzungumza, na kumkaribisha mtu anuse ni heshima. Kwa upande mwingine, shirika la wamisionari la Africa Inland Mission lilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, pia Makueni, mwaka 1895, likiongozwa na Peter Cameron Scott. Na Africa Inland Church (AIC), kanisa lililotokana na misheni hiyo, limewafunza waumini kujitenga na pombe na tumbaku. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa, na kuagiza kiasi. Chini ya paa moja huweza kukutana desturi ya ukoo, katazo na wito wa kiasi.

Biblia haitaji tumbaku, wala Kurani, kwa kuwa mmea huo ulitoka Amerika na kusambaa duniani baada ya mwaka 1492. Katika karne ya 17, Abd al-Ghani al-Nabulusi, mwanazuoni wa Kiislamu wa Damascus, alitetea uhalali wake akishikilia kwamba kitu ni halali mpaka uharamu wake uthibitishwe. Wanazuoni wengine, wakiwemo wale wa madhehebu ya Ibadhi wa Oman, waliiharamisha tumbaku. Andiko lilipokuwa kimya, ilibidi kupima tendo lenyewe, na ladha isiyo na jani yastahili kupimwa vivyo hivyo.

Kipimo cha kwanza ni madhara. Kinachofaa tumboni si lazima kifae mapafuni. Mwaka 2019 ugonjwa wa mapafu uliwakumba Wamarekani wengi waliovuta mvuke, hasa wa vimiminika vya bangi. Kufikia Februari 2020 zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufa, na vifo vilikuwa 68. Kemikali iliyohusishwa sana ni asetati ya vitamini E, ambayo watu huimeza kama kirutubisho na kujipaka bila shida. Anayefundishwa kuwa mwili ni hekalu hana ruhusa ya kuingiza katika pumzi yake asichokijua, hata kiwe kitamu namna gani.

Kipimo cha pili ni uhuru. Nikotini humfunga mtumiaji kupitia njia yoyote. Magadi yanayochanganywa na ugoro huiwezesha kupenya mwilini upesi zaidi. Ladha peke yake haina kifungo hicho, lakini yaweza kuamsha hamu iliyolala kwa aliyekwisha kuacha. Kwa mvutaji anayetaka kuiaga sigara na kupunguza nikotini hatua kwa hatua, ladha ileile yaweza kumsaidia kuondoka. Kwa hiyo nia na mwelekeo wa mtu ni sehemu ya hukumu.

Kipimo cha tatu ni jirani. Katika 1 Wakorintho 8, Paulo anajadili nyama iliyotolewa kwa sanamu: nyama yenyewe haina kitu, ila ulaji wake ukimwangusha ndugu mwenye dhamiri dhaifu, upendo unadai kuiacha. Ladha ya tumbaku inafanana na nyama hiyo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18, na upendo unamlinda kijana hata pale ambapo ladha haina jani lolote ndani yake.

Ladha basi haina dhambi kwa sababu tu inafanana na kilichokatazwa, wala haitakasiki kwa sababu tu haina jani. Anayeitumia anawajibika kwa pumzi yake, kwa uhuru wake na kwa wanaomwiga.