Nani Ana Ruhusa ya Kunitania?

Soma kwa ajili ya somo hili: Mithali 17:22, Mithali 26:18, 19, Warumi 14:10–13, Wafilipi 2:12, 13, 1 Timotheo 2:3–6.

Kichekesho hiki ni cha zamani. Mkalvini aliteleza akabingirika ngazi zote mpaka chini. Akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Bwana asifiwe! Hili nalo lilikuwa limepangwa, na sasa limepita." Nyuma yake Mwarminiani naye akateleza, akabingirika vilevile. Akainuka, akajipapasa kifuani, akauliza kwa hofu, "Jamani, bado nimeokoka?"

Niliwahi kukisimulia katika darasa la Shule ya Sabato, lakini nilikisimulia nusu. Nilimwangusha Mkalvini peke yake, tena kwa madoido. Darasa likacheka sana. Mgeni mmoja, Mpresbiteri, shemeji wa mshiriki wetu, alitabasamu kwa adabu. Sabato iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Nilipomuuliza mwenyeji wake, alinijibu kwa upole, "Alisema alikuja kujifunza Biblia, akakuta yeye ndiye somo."

Je, Mkristo ana ruhusa ya kufanya utani juu ya jambo zito kama wokovu? Na kama anayo, mpaka wake uko wapi?

Mzaha Unapotumbuka Usaha

John Calvin (1509–1564), mwanamatengenezo wa Geneva, alifundisha kwamba Mungu, kwa uamuzi wake wa milele, ndiye aliyewachagua watakaookolewa. Jacobus Arminius (1560–1609), mchungaji na profesa wa Leiden huko Uholanzi, alitoka katika kanisa hilohilo la Matengenezo. Yeye alisema kwamba neema ya Mungu hututangulia, lakini mwanadamu aweza kuipokea au kuikataa. Mwaka 1610 wafuasi wake waliandika hoja 5. Sinodi ya Dordrecht, iliyokutana mwaka 1618 na 1619, ilizikataa zote.

Mambo hayakuishia kwenye karatasi. Wahubiri wa upande wa Arminius walifukuzwa kazini, na wengine wakafukuzwa nchini. Siasa nayo ilijichanganya humo. Tarehe 13 Mei 1619 kiongozi mkuu aliyewatetea, Johan van Oldenbarnevelt, mzee wa miaka 71, alikatwa kichwa. Mwanasheria Hugo Grotius alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Mwaka 1621 mkewe Maria alimficha ndani ya sanduku la vitabu, likatolewa nje ya ngome. Husimuliwa kwamba askari waliolibeba walilalamikia uzito wake, wakatania kwamba bila shaka mlikuwa na Mwarminiani ndani. Walisema kweli pasipo kujua!

Sisi twaweza kucheka leo. Lakini tukumbuke kwamba kama sanduku lile lingefunguliwa, kicheko kingegeuka kilio. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sulemani naye anamfananisha mtu anayemwumiza jirani yake, kisha akajitetea kwamba alikuwa akifanya mzaha tu, na mwenda wazimu anayetupa mienge ya moto (Mithali 26:18, 19). Neno "nilikuwa natania" halizimi moto uliokwisha kuwashwa.

Mtani Siku ya Msiba

Hata hivyo, Biblia haikatazi kicheko. Moyo uliochangamka ni dawa (Mithali 17:22). Basi tofauti iko wapi?

Katika jamii nyingi za Tanzania iko desturi ya utani. Mtani aweza kukucheka mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini haki hiyo ina gharama yake. Siku ya msiba, mtani hufika kushika kazi: kuchota maji, kupika, kuchimba kaburi. Anakutania yule ambaye atakuzika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa John Wesley na George Whitefield, marafiki tangu Oxford. Mwaka 1739 Wesley alihubiri na kuchapisha hubiri kali dhidi ya fundisho la Calvin juu ya kuchaguliwa. Whitefield, aliyeliamini fundisho hilo, alimjibu kwa barua iliyochapishwa. Urafiki wao ulipata ufa mkubwa. Baadaye walipatana, ingawa hakuna aliyebadili msimamo wake. Husimuliwa kwamba mtu mmoja alimwuliza Whitefield kama watamwona Wesley mbinguni. Whitefield alijibu kwamba hawatamwona: Wesley atakuwa karibu mno na kiti cha enzi, nao watakuwa mbali mno nyuma. Muulizaji alitafuta kicheko cha dharau, akapewa kicheko cha heshima.

Whitefield alifariki Marekani mwezi Septemba 1770. Mwezi Novemba, jijini London, hubiri la maombolezo lilitolewa na Wesley, kama marehemu mwenyewe alivyotaka. Mtani alikuja msibani.

Mwaka 1784 kasisi kijana wa Kianglikana, Charles Simeon, alikutana na Wesley, aliyekuwa na miaka 81. Simeon alimwambia kwa utani kwamba, kwa kuwa yeye huitwa Mkalvini na mzee huitwa Mwarminiani, huenda inawapasa kuchomoa majambia. Lakini kwanza akaomba kumwuliza maswali. Je, mzee angaliweza kumgeukia Mungu kama Mungu hangalianza kugusa moyo wake? Je, aweza kujiokoa kwa matendo yake? Je, aweza kujilinda mwenyewe hadi mwisho? Kila mara Wesley alikana: tumaini lake lote lilikuwa katika Kristo. Simeon akasema basi, arudishe jambia lake alani.

Tucheke Anguko Letu Kwanza

Je, hii ina maana kwamba mafundisho hayana uzito? Hapana. Ellen G. White alilelewa katika nyumba ya Wamethodisti, na sisi Waadventista tumesimama upande wa Wesley katika jambo hili. Kristo alijitoa kwa ajili ya wote (1 Timotheo 2:3–6). Mama ambaye mwanawe ameiacha imani anahitaji kujua kwamba jina la mtoto huyo halikufutwa kabla hajazaliwa.

Lakini tumwangalie tena Mwarminiani wetu chini ya ngazi. Twasema wokovu ni zawadi, kisha kila Ijumaa jioni twajipima kama mfanyabiashara anayefunga hesabu, tukiogopa hasara. Hapo jirani yetu Mkalvini ana neno la kutufaa: Mungu hachoki kutushika. Paulo aliyaweka yote mawili mahali pamoja. Wafilipi 2:12 humwamsha aliyelala. Aya ya 13 humtuliza anayetetemeka. Je, wewe unaihitaji ipi leo?

Hatimaye nilikwenda nyumbani kwa yule mgeni kuomba radhi. Nilimsimulia kichekesho kizima, safari hii nikianza na anguko la upande wangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanisimulia kingine kuhusu Waadventista. Kilinichoma, kikanichekesha, na sitakiandika hapa. Tulipomaliza chai, tuliomba pamoja.

Maswali ya Kujadili

1. Kumbuka mzaha uliowahi kuusema kuhusu watu wa dhehebu lingine. Je, ungeweza kuusema mbele yao? Kwa nini?

2. Soma Warumi 14:10–13. Twawezaje kupinga fundisho kwa nguvu bila kumdharau anayeliamini?

3. Ni jirani gani wa imani nyingine ambaye darasa lenu linaweza kumsaidia siku ya msiba? Je, anajua hivyo?