Mwandani Mwenye Haki ya Kukataa

Ukitaja gemu mtaani Ngoingwa hapa Thika, jambo la kwanza linalokuja akilini ni mpira: vijana wamebanana kwenye benchi mbele ya televisheni, wanalipa kwa mechi, anayefungwa anampisha mwenzake. Hayo ni ya hadharani. Lakini mji huu umejaa pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya na vijana wanaokwenda kazini Nairobi asubuhi na kurudi jioni, na katika nyumba zao za kupanga zinachezwa gemu za aina nyingine kabisa. Ni hekaya za panga, uchawi na majoka zinazoweza kumla mtu saa mia moja. Humo mchezaji hasafiri peke yake. Huandamana na wandani wenye majina, ukoo, vinyongo na siri, na baadhi yao, akiwasemesha vizuri, wanaweza kumpenda. Basi nani apendwe na nani? Kwa miaka ishirini na zaidi watengenezaji na wachezaji wamelivutania swali hilo, na mvutano wenyewe umekuwa wa kuhesabu: mwanamume ana wangapi wa kuchagua, mwanamke wangapi, anayependa wa jinsia yake wangapi. Hesabu ina maana yake, nami nitaifanya hapa. Ninachodai ni kwamba haitoshi. Gemu inayotaka kuwa ya wote ipimwe zaidi kwa sababu ambazo wandani wake wanazo wanapokataa, kuliko kwa wingi wa wanaokubali.

Tuanze na hesabu. Baldur's Gate II, kazi ya kampuni ya BioWare ya Kanada iliyotoka mwaka 2000, ilimpa mchezaji mwenye mhusika wa kiume wanawake watatu wa kuwapenda: Jaheira aliyefiwa na mume, Aerie aliyekatwa mabawa, na Viconia aliyewakimbia watu wake. Mhusika wa kike alipewa mmoja tu, Anomen, askari wa dini mwenye majivuno yasiyokwisha. Aliyetaka mwenzake wa jinsia moja hakupata kitu. Hakuna popote katika hadithi ile paliposemwa kwamba Jaheira amewahi kufikiria kumpenda mwanamke akakataa. Hakuulizwa. Watengenezaji walimwona mvulana mmoja mbele ya kompyuta, wakamwandikia yeye, na wengine wakaambulia makombo. Kukataa kwa namna hiyo hakutoki moyoni mwa mhusika; kunatoka kwa mtu aliyepanga bajeti akasahau kwamba dada zake nao hucheza.

Dawa iliyopatikana baadaye ni kuwaacha wandani wampende yeyote. Dragon Age II ya mwaka 2011 ilifanya hivyo kwa wanne kati yao. Skyrim, ya mwaka huohuo, iliifanya ndoa kuwa nyepesi kuliko kununua farasi: unavaa hirizi ya Mara shingoni, unamwendea mtu uliyewahi kumtendea fadhila, anaiona hirizi, anakubali, mnafungishwa ndoa hekaluni mjini Riften. Awe mke, awe mume, haidhuru. Baada ya hapo mwenzio anafungua biashara, na kila siku unaweza kumdai faida ya duka na sahani ya chakula. Nadhani wapo waume wa Kiambu ambao wangeiona hiyo kuwa ndoa kamili. Kisha ikaja Baldur's Gate 3 ya kampuni ya Larian kutoka Ubelgiji, Agosti 2023, iliyotawazwa gemu bora ya mwaka kule Marekani. Astarion, Shadowheart, Gale, Karlach, Lae'zel na Wyll hawabagui jinsia wala jamii ya mchezaji, na mapenzi yao yameandikwa kwa ustadi ambao Skyrim haikuukaribia. Sisiti kusema ni hatua njema. Mtu aliyezoea kukuta kila hadithi ya mapenzi imeandikwa kwa ajili ya mwingine anapumua.

Ila tazama kilichobaki nyuma ya ukarimu huo. Katika Skyrim hiyohiyo isiyojali jinsia, hakuna hata Khajiit mmoja, wale watu wenye sura ya paka, anayeweza kuoa wala kuolewa, na hakuna anayekueleza sababu. Katika Baldur's Gate 3, Wyll ndiye mtu mweusi katika kundi la wandani wakuu, mwana wa mtawala wa mji, mpole, mchumba wa kucheza dansi na kuvisha pete. Na wachezaji wengi walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba hadithi yake ilikuwa nyembamba na maneno yake machache kuliko ya Astarion au Shadowheart. Mlango uliachwa wazi kwa wote, lakini chumba kimoja hakikutiwa samani. Anayehesabu milango pekee hataona hilo kamwe, kwa kuwa kwenye orodha Wyll yuko sawa na wenzake.

Kwa upande wa pili weka Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014, ambamo kila mwandani alipewa moyo wake. Dorian Pavus ni mchawi kutoka Tevinter, mwana wa pekee wa nyumba ya kitajiri, mcheshi, mpenda mavazi. Anapenda wanaume. Mhusika wa kike anaweza kutaniana naye hadi kuche, hapati zaidi ya urafiki. Katikati ya safari inafika barua ya kumtaka akutane na mtumishi wa familia yao mjini Redcliffe. Mnaingia kilabuni, mnakuta hamna watu, na aliyesimama pale ni baba yake mwenyewe, Halward. Ndipo siri inapotoka: Dorian alipokataa kuoa mwanamke aliyechaguliwa ili damu ya ukoo iendelee, baba yake alijiandaa kumbadilisha moyo kwa uchawi wa damu, uchawi uleule aliomfundisha mtoto wake tangu utotoni kuuchukia. Dorian hapigi kelele nyingi. Anauma maneno. Mchezaji ndiye anayeamua amshauri asikilize au waondoke zao, na hakuna uamuzi unaomwacha mtu akiwa mwepesi. Mwondolee Dorian uwezo wa kumkataa mwanamke, umfanye ampende yeyote anayemtupia ndoano, na ukumbi ule wote unaporomoka: Halward anakuwa baba anayegombania jambo lisilokuwepo. Hadithi hiyo haihitaji tafsiri kwa mtu aliyekulia nyumba ambayo shangazi, wajomba na wazee wa ukoo huketi kujadili ndoa ya mtu asiyekuwepo kikaoni.

Inquisition yenyewe haina usafi wote, na kasoro yake inanisaidia kueleza nisemacho. Ina wapenzi wanane. Mwanamume anaweza kupendwa na wanne: Cassandra, Iron Bull, Dorian na Josephine. Mwanamke wa jamii ya elfi, wale wa masikio marefu, ana sita. Lakini mwanamke wa jamii ya watu wafupi waishio chini ya ardhi, au wa Qunari wenye pembe, anabaki na wanne, maana Solas na Cullen hawamtaki. Kwa Solas inaeleweka: yeye ni elfi anayeomboleza ulimwengu wa watu wake uliopotea, na upofu wake kwa jamii nyingine ni sehemu ya kosa ambalo hadithi nzima inamdai. Kwa Cullen hakuna lolote. Ni mwanajeshi mwungwana, anapambana na uraibu wake kwa ujasiri, anacheza sataranji bustanini, na hampendi mwanamke mfupi wala mwenye pembe, basi. Gemu ileile, kukataa kuwili, na mizani ni tofauti kabisa: mmoja ana moyo, mwingine ana orodha.

Orodha ya namna hiyo tunaijua hapa Kenya kuliko tunavyopenda kukiri. Mtoto anaondoka nyumbani kwenda chuoni, anaambiwa kwa kicheko kisicho cha mzaha: lete yeyote, lakini usituletee wa kule. Kule kunajulikana bila kutajwa. Sababu haitolewi, au hutolewa ya majirani wa miaka arobaini iliyopita. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kuna nyumba za mume wa kabila hili na mke wa kabila lile zilizogawanyika usiku mmoja, watoto wakienda upande ambao jina lao la ukoo lingewaruhusu kuishi. Ninapouliza kwa nini Cullen hampendi mwanamke wa Qunari, siulizi kwa niaba ya viumbe wenye pembe. Mji kama Thika, uliojengwa na wafanyakazi wa viwanda kutoka kila pembe ya nchi na sasa na wanafunzi kutoka kila kaunti, una kila haki ya kuliona suala la wapenzi wa gemu kuwa lake, hata kama neno la kwanza linalomjia mtu akisikia ujumuishaji ni jinsia.

Na hilo la jinsia halikwepeki. Msomaji ataniambia kwamba haya ni maadili ya wageni yanayoingizwa kwa mlango wa nyuma, na kwamba sheria yetu iko wazi: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Sheria hiyo ipo, nami siigeuzi kwa safu ya gazeti. Lakini nyingi ya gemu ninazozitaja zimepewa daraja la watu wazima, na ndani yake hakuna anayelazimishwa kumpenda mtu. Kuhusu ugeni, itazame Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, Mkenya, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Ilipigwa marufuku Aprili 2018 na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, mwezi mmoja kabla ya kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, alitakiwa abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mahakama Kuu ilipoiachilia kwa siku 7 Septemba mwaka ule, Wakenya walipanga foleni Nairobi na tiketi zikaisha. Waliokwenda si wageni. Mtu anaweza kulikataa jambo kwa imani yake, na ninamheshimu. Asiseme tu kwamba halina wenyewe hapa.

Mwenye pingamizi hili ana hoja moja ambayo watetezi wa ujumuishaji waliipuuza mapema mno. Katika Dragon Age II, mwandani Anders huanza yeye kumtongoza mchezaji wa kiume, na mchezaji akimkataa, hata kwa upole, uhusiano wao unapoa. Lawama zilipotolewa mwaka 2011, David Gaider, mwandishi mkuu, alijibu kwamba mapenzi katika gemu ni ya kila mtu na kwamba walio wengi wamezoea mno kuhudumiwa peke yao. Alisema kweli. Bado, kama Dorian ana haki ya kumwambia mwanamke hapana bila kuadhibiwa, mchezaji naye anayo haki hiyo mbele ya Anders. Kukataa kwa heshima kukilindwa upande mmoja tu, hakuna aliyelindwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande ule mwingine. Ni rahisi kusifu kukataliwa, ataniambia mtu, ikiwa wewe hukataliwi kila uendako. Aliyefungiwa na sheria, na mzazi, na kanisa, aachiwe basi gemu moja isiyomwambia hapana. Hili halijibiki kwa maneno mepesi. Nakubali kwamba pale watengenezaji wana fedha za kuandika wapenzi wawili au watatu tu, heri wawe wa wote kuliko wawe wa upande mmoja. Ila penye wanane, mgawo ukiwa wa haki, mtu huyohuyo anapata kitu ambacho wandani wasiobagua hawawezi kumpa: Dorian anampenda mwanamume kwa sababu ni mwanamume, na amelilipia hilo kwa kuvunjika na baba yake. Anayejiona ndani ya Dorian anaona maisha yake yakiandikwa. Astarion angempenda hata angekuwa mtu mwingine kabisa.

Bara letu nalo limeanza kuandika hekaya zake. Aurion, ya kampuni ya Kiro'o kutoka Yaoundé, Kameruni, iliyotoka mwaka 2016, haina swali la nani atampenda nani: mwana wa mfalme Enzo anapinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa na kuoa, na Erine mkewe anatoka naye uhamishoni, anapigana kando yake. Ndoa imekwisha kufungwa kabla mchezaji hajashika chochote. Napenda jinsi ilivyothubutu kusema kwamba mapenzi yanaweza kuwa kazi ya watu waliokwisha kuoana, jambo ambalo gemu za Kanada na Ubelgiji hazina subira nalo. Lakini hakuna nafasi ndani yake kwa asiye Enzo. Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, inaweza kuchezwa wahusika wakizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho, nayo inahusu kufiwa na baba, haina wapenzi. Atakayeunganisha mambo haya mawili, Kiswahili na wandani wanaopendwa, bado hajajitokeza, na huenda sasa hivi anajifunza kuandika programu katika chumba cha kupanga hapa Thika. Atalazimika kuwapa wandani wake majina ya ukoo, na jina la ukoo Kenya humtaja mtu anakotoka. Halafu atalazimika kuamua ni yupi kati yao atamkataa mchezaji kwa sababu ya jina lake, na kuiandika sababu hiyo kwenye mazungumzo, neno kwa neno, kwa lugha ambayo mama yake anaisoma.