Ng'ambo Huanzia Isebania

Ukiwauliza watu wa Uriri, huku Migori, ndoto ya kutembea nchi za nje ina sura gani, wengi watakutajia ndege, halafu Uingereza au Marekani. Picha hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga katika Homa Bay ya leo, alisaidia kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Mwaka uo huo Barack Obama mkubwa, babake rais wa 44 wa nchi hiyo, mzaliwa wa upande wa Kendu Bay, aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii. Tangu hapo huku kwetu safari imekuwa ile ya kuvuka bahari na kurudi na shahada au dola. Anayetamani kuiona dunia kwa ajili ya kuiona tu husema atakwenda mambo yakikaa sawa, miwa ikilipwa, watoto wakimaliza shule. Miaka inakwenda naye anazeeka na hamu yake. Ninashikilia kwamba umaskini si kikwazo pekee. Tumeipeleka ndoto mbali mno na kusahau kwamba barabara ya A1 inayopita Uriri inaishia mpakani.

Tazama ramani. Kutoka Uriri unashuka Migori hadi Isebania, unavuka mpaka hadi Sirare, Tanzania, unapita Tarime na Musoma, na usiharakishe kuipita Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Julius Nyerere. Baada ya Mwanza kuna daraja la Kigongo–Busisi, la takriban kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025. Kabla yake magari yalisubiri kivuko. Mbele ni Geita, Biharamulo, kisha Rusumo, ambako mto Kagera unaporomoka kwenye mpaka wa Rwanda. Unaingia Kigali, mji ambako magari hupita kulia na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, miaka tisa kabla ya Kenya. Ukitokea Gatuna uko Uganda: Kabale, Mbarara, Masaka, Kampala, Jinja, halafu Busia, Kisumu, na nyumbani kupitia Kisii. Hizo ni nchi tatu za kigeni, na njia ya kwenda siyo ya kurudi. Lakini hesabu ya nchi si ndiyo hoja yangu kubwa. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita 68,000 za mraba, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6. Sisi tunaoliita Nam Lolwe na kujiona wenyewe wa ziwa tunaujua ukingo wake tu. Mto Kuja unaotiririka Migori unalijaza ziwa lile lile linalojazwa na Kagera, na maji yote hayo yana mlango mmoja wa kutokea: Nile, pale Jinja. Mtu aliyezunguka hivyo ameelewa mahali anapoishi kwa namna ambayo wiki moja London haiwezi kumpa.

Kuna atakayecheka na kusema Mwanza si ng'ambo, kwamba wachuuzi wa Migori huvuka Sirare kila wiki na hakuna anayewaita wasafiri. Ni kweli wanavuka, ila anayekwenda kununua mchele hurudi akijua bei ya mchele. Na kuhusu ugeni, mpaka huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukawaacha Wakuria pande mbili na Wajaluo wengine Rorya, upande wa Tanzania. Kuwakuta watu wa lugha yako ambao wamelelewa na serikali nyingine, wakaimbishwa wimbo mwingine wa taifa na kuzoea Kiswahili cha aina nyingine, ni funzo gumu kuliko kukuta Mzungu ni Mzungu. Isitoshe, Ulaya haikungoji. Tangu Juni 2024 ombi la viza ya Schengen hulipiwa yuro 90, na ukikataliwa fedha hizo hazirudi.

Pingamizi la fedha ni zito zaidi, na sitalipuuza. Karo ni karo. Mwenye kuuza shamba ili atembee amepotoka. Hata hivyo, matanga yetu hula ng'ombe, mahema na magari ya kukodi bila mtu kuuliza faida, ila anayeweka akiba miaka mitatu ili aone Kigali huambiwa mtembezi hula miguu yake. Methali hiyo inamlenga mzururaji asiye na shabaha, haimhusu aliyejipanga. Na faida ya safari ipo: Jaramogi Oginga Odinga alipotembelea India mwaka 1953 aliandika kitabu cha safari hiyo kwa Dholuo, ili hata asiyejua Kiingereza apate alichokiona. Alikwenda kwa mwaliko, hilo nalikubali, na mkulima wa Uriri hana wa kumwalika. Lakini manufaa ya safari ile hayakutoka kwenye nauli. Yalitoka kwa mtu aliyetazama kwa makini na kuwasimulia wenzake.

Wala nisidai kwamba Afrika Mashariki ni ua wa nyumba moja. Rwanda ilifunga Gatuna Februari 2019, na mpaka haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Wasafiri waligeuzwa kwa ugomvi wa wakubwa. Kwa hiyo uliza hali ya mipaka kabla ya kufunga mzigo, na ubebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania itakudai pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kwa Uganda na Rwanda, tangu 2014 Mkenya anaruhusiwa kuingia kwa kitambulisho cha taifa. Usiye na pasipoti, basi, anzia upande wa pili: shika gari la Kisumu, vuka Busia, fika Kigali urudi, na Tanzania iwe zamu ya mwaka ujao.