Je, Tanbihi Ni Ushahidi?

Ndugu msomaji, zamani mtu aliyetaka kujua maisha ya mtu mashuhuri alikwenda kwa wazee au alitafuta kitabu. Siku hizi hufungua simu yake na kusoma Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Humo karibu kila mtu aweza kuandika na kusahihisha. Kanuni yake ni kwamba habari iwe imekwisha chapishwa mahali pa kuaminika, na chini ya ukurasa ziwekwe tanbihi za kuonyesha ilikotoka. Kanuni hiyo ni njema. Lakini yatupasa kujiuliza: habari ikiwa na tanbihi, je, imekwisha thibitika? Na kama haikuthibitika, ni nani anayedhulumiwa?

Hebu tutazame mfano unaokihusu kisiwa cha Pemba, yaani maisha ya John Okello. Mambo yanayokubaliwa na wengi ni machache. Alizaliwa Uganda katika nchi ya Walango. Alifika Pemba mwaka 1959, akafanya kazi za mikono, na mwaka 1963 akahamia Unguja. Katika mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 sauti yake ilisikika redioni, naye akijiita Field Marshal. Haikupita miezi mingi akaondolewa Zanzibar. Mwaka 1971 alionekana Uganda pamoja na Idi Amin, kisha habari zake zikakatika.

Mengineyo tunayoyasoma juu yake, ni nani aliyeyaona? Habari za utoto wake, safari zake, ndoto alizosema zilimwongoza, na jinsi alivyowakusanya watu wake, kwa sehemu kubwa zatoka katika kitabu chake mwenyewe, Revolution in Zanzibar, kilichotolewa Nairobi mwaka 1967. Alikiandika akiwa amekwisha tolewa katika nchi aliyosema ameikomboa. Hatusemi kwamba alidanganya. Twasema tu kwamba mtu aweza kuwa shahidi wa aliyoyaona, lakini hawezi kuwa hakimu wa cheo chake mwenyewe.

Kisha mwanahistoria mmoja huchukua maneno kutoka katika kitabu hicho, wa pili akanakili kwa wa kwanza, na wa tatu kwa wa pili. Kamusi ikivitaja vitabu vyote vinne, msomaji hudhani amepata mashahidi wanne. Kumbe shahidi ni mmoja, na waliobaki ni mwangwi wake.

Upande mwingine, masimulizi rasmi ya chama cha Afro-Shirazi yalimtanguliza Mzee Karume na Kamati ya Watu 14, na Okello akawekwa pembeni. Mwaka 2010 Dakta Harith Ghassany alitoa kitabu Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, alichokijaza ushahidi wa mdomo unaoelekeza macho kwa watu wa Tanganyika. Hata idadi ya waliouawa yatajwa kuanzia mamia hadi 20,000. Tofauti kubwa namna hiyo yaonyesha kwamba wengi walioitaja idadi hawakuwahesabu wafu.

Wanachuoni wa Hadithi waliijua hatari hii tangu zamani. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakutosheka kusikia kwamba fulani amepokea kwa fulani. Alitaka ijulikane kwamba wawili hao walikutana. Tena Hadithi mashuhuri ya nia, iliyo ya kwanza katika mkusanyo wake, ilisimuliwa baadaye na watu wengi mno. Hata hivyo wanachuoni wanaiita gharibu, kwa sababu mwanzoni njia yake yapita kwa mtu mmoja mmoja. Hawakuitupa, kwani wapokezi wake waliaminika. Lakini wingi wa waliokuja nyuma hawakuuhesabu kuwa ni wingi wa mashahidi.

Huenda mtu akasema: "Okello ametoweka siku nyingi, tena jina lake limefungamana na umwagaji wa damu. Kosa katika habari zake lamdhuru nani?" Jibu ni kwamba ukimbebesha mtu tendo asilolifanya, umemfungua aliyelifanya. Na ukimpa mtu mmoja mapinduzi yote, ama kwa sifa ama kwa lawama, wengine wengi hawataulizwa neno. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, inapoamuru habari ya mtu asiyeaminika ichunguzwe, yataja sababu: watu wasije wakadhurika kwa ujinga wetu.

Nao watu wa Pemba wamo katika madhara hayo. Mtafiti Nathalie Arnold Koenings, aliyeandika juu ya kumbukumbu za Wapemba, ameeleza kwamba kwao jambo kubwa ni yale yaliyofuata baada ya mapinduzi. Wazee hukumbuka bakora na fedheha, na baadaye uhaba wa chakula. Lakini neno la mzee ambalo halijachapishwa haliwezi kuwa tanbihi, hali neno la mtu anayejisifu, mradi limechapwa, laweza. Hapo kanuni iliyo njema huzaa matokeo yasiyo ya haki.

Basi tufanyeje? Dawa si kuandika uvumi. Dawa ni kuwaendea wazee wangali hai, kuwaomba ridhaa, kuandika nani amesema, wapi na lini, na aliona mwenyewe au alisikia kwa mwingine, kisha kuyachapisha ili yapimwe kama ushahidi mwingine wowote. Mwaka 2011 jaribio la kutumia masimulizi ya mdomo kama tanbihi za Wikipedia lilifanywa India na Afrika Kusini. Hakuna sababu Pemba isifanye vivyo hivyo.

Na wewe, ndugu msomaji, unaposoma maisha ya mtu yeyote, usiishie kuhesabu tanbihi. Zifuate hadi mwisho uone zinakutana kwa nani. Ukiandika, tofautisha "Okello alifanya" na "Okello anasema alifanya", kwani neno hilo moja ndilo linalotenganisha ushahidi na madai. Na pale ambapo hakuna aliyeona, paache wazi. Pengo lililoachwa wazi, kesho shahidi aweza kulijaza. Likikwisha zibwa kwa dhana, hakuna atakayejua kwamba shahidi alikuwa anahitajika.