Viti Saba na Mtu wa Nane

Andiko la kusoma nyumbani: Luka 10:25-37

Wiki hii nataka tuongee juu ya gari. Najua kuna mtu atasema, "Ah, hayo ni mambo ya mwili, si somo la kanisa." Lakini mtu anapotoa pesa nyingi kuliko alizowahi kutoa kwa kitu kimoja, moyo wake unazifuata hizo pesa. Na mahali moyo umeenda, Neno nalo lazima lifike.

Hesabu ya nyumbani kwangu ni hii. Tuko mimi na mke wangu, watoto watatu, wa nne tunamtarajia kabla ya mwaka kuisha, na mama yangu tunayeishi naye hapa Kawangware. Jumla saba. Gari la viti vitano halitutoshi tena. Kwa hivyo Jumamosi kadhaa tumekuwa tukipita kwenye yadi za Ngong Road, tukiangalia yale magari madogo ya familia yenye safu tatu za viti. Mnayajua. Kuna Toyota Sienta na Honda Freed, injini ya 1500 na milango ya nyuma ya kusukuma. Kuna Wish, ambayo Toyota iliacha kuitengeneza 2017, na kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka minane, sasa utapata tu ile iliyokwisha kutembea barabara za hapa. Kisha kuna wakubwa wao, Noah na Serena, injini ya 2000, na mengi yana viti vinane.

Mtu wa yadi ataongea juu ya injini, rangi na redio. Lakini swali lililotusumbua mimi na mama watoto lilikuwa lingine. Sisi ni saba. Tukinunua gari la viti saba, tayari limejaa kabla halijatoka yadini. Na sisi tunaishi Kawangware, tuna ndugu Kibera, tuna ushirika wa nyumbani wenye watu zaidi ya ishirini, na wenye magari hatufiki watatu. Je, ni haki mbele za Mungu kununua gari ambalo halina nafasi ya jirani? Au upendo unatudai tukope, tuchukue lile la viti vinane?

Kuna majibu mawili ambayo nimeyasikia hapa hapa kanisani, na yote yana andiko.

Jibu la kwanza ni hili: gari ni la familia, basi. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Maneno hayo ni mazito na hatuwezi kuyaruka. Kuna baba anayejulikana mtaa mzima kwa kubeba watu kwenda matanga na makesha, na watoto wake wanatembea na mvua kwenda shule. Huyo amewapa watu wa nje kilichokuwa cha watoto wake. Lakini mwenye kusimama kwenye jibu hili peke yake ataishia kupandisha vioo. Atampita mama wa kanisa pale stage ya 46, mvua inanyesha, na kiti kiko wazi, akisema moyoni, "Mimi nilinunua yangu." Andiko lilisema tuanze nyumbani. Halikusema tuishie nyumbani.

Jibu la pili: gari ni la Bwana, kwa hivyo ni letu sote, ingieni. Jibu hili linafurahisha, na linaitwa upendo. Siku ya harusi au mazishi gari la watu saba linabeba kumi na moja. Watoto wanapakatwa, wengine wanakaa kule nyuma kwenye mizigo, wimbo unaanza, safari ni tamu. Lakini hebu tuulize kitu kimoja tu: katika gari lililojaa hivyo, ni nani anayekosa mkanda? Mwenye gari anao. Mtu mkubwa aliyekaa mbele anao. Anayekosa ni mtoto, na mara nyingi si mtoto wa mwenye gari. Ni mtoto wa jirani, yule ambaye mama yake anashukuru tu kupewa lifti na hawezi kuuliza.

Hapo ndipo niliona kwamba jambo hili si la wema tu, ni la haki. Ukiwa na mikanda saba na watu kumi na mmoja, tayari umeamua ni nani wanne ambao maisha yao yanaweza kubahatishwa. Umeamua bila kusema. Wale wakubwa wetu mnakumbuka sheria za Michuki, 2004, matatu zilipoamriwa kubeba abiria kumi na wanne, kila mmoja na mkanda wake. Watu walinung'unika, wakatembea kwa miguu siku kadhaa. Lakini sheria ile ilisema jambo ambalo kanisa lilipaswa kulisema kwanza: kila aliye ndani ya gari ni mtu mzima mbele za Mungu, hakuna nusu mtu wa kupakatwa. Sasa matatu ikijaza kupita kiasi tunapiga kelele. Gari la mtu aliyeokoka likijaza, tunaita baraka!

Kwa hivyo jibu la kwanza linamwacha jirani nje, na la pili linamweka ndani mahali pabaya. Turudi basi kwenye andiko letu.

Soma Luka 10:34 polepole. Msamaria alikuwa na mnyama mmoja. Yule mtu aliyepigwa hakuweza kutembea. Msamaria akampandisha juu ya mnyama wake. Kama mnyama ni mmoja na majeruhi yuko juu yake, Msamaria mwenyewe yuko wapi? Luka hasemi, lakini mimi naamini yuko chini, anatembea, ameshika kamba. Hakuenda kwanza kutafuta mnyama mkubwa zaidi. Alishuka. Upendo wake haukupimwa kwa ukubwa wa usafiri wake. Ulipimwa kwa utayari wake wa kutoa nafasi aliyokuwa ameikalia mwenyewe.

Hilo liligeuza swali letu. Tulikuwa tunauliza, "Gari lina viti vingapi?" Msamaria anauliza, "Siku ya shida, ni nani atashuka?"

Nitawapa mfano wa karibu, na jina nitaliacha. Dada mmoja wa ushirika wetu, upande wa Gatwekera kule Kibera, alishikwa na uchungu saa nane usiku. Mnajua vile vichochoro, gari haliingii. Akina mama walimshika huku na huku mpaka kwenye lami. Ndugu mmoja alikuwa ameitwa, akafika haraka na gari lake la viti saba, Mungu ambariki. Lakini kila aliyemsindikiza alitaka kuingia, kwa upendo kabisa. Dada akajikuta katikati ya safu ya pili, amebanwa kulia na kushoto, hawezi kujinyoosha, na kila tuta la barabarani anaguna. Alijifungua salama, utukufu kwa Bwana. Alipotoa ushuhuda, alisema jambo dogo ambalo mimi sijalisahau: alisema alitamani watu watatu wabaki nyumbani. Gari lilikuwa kubwa vya kutosha. Kilichokosekana ni watu wa kushuka.

Sasa tuje kwenye ule mkopo. Ndugu mmoja aliniambia, "Chukua Noah, Sacco itakupa, Mungu atafungua mlango." Mimi naamini Mungu anafungua milango. Lakini Yesu huyo huyo anasema mjenzi wa mnara aketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28), na Mithali 22:7 inasema mkopaji ni mtumwa wa mkopeshaji. Kukopa kwenyewe sikuiti dhambi. Wengi wetu tumesomesha watoto kwa mikopo na tumelipa. Ninachouliza ni, deni hili litanifanya mtu wa namna gani? Injini kubwa inakunywa zaidi, na kila tarehe 14 tunangoja EPRA itangaze bei mpya ya mafuta. Ongeza malipo ya kila mwezi. Mwishowe nitaanza kuangalia kila kiti kama pesa. Jirani akigonga saa nane usiku, kabla sijauliza "nani mgonjwa," nitakuwa nimewaza "atalipa ngapi." Lile gari nililokopa ili nimsaidie jirani litakuwa limemgeuza jirani kuwa abiria.

Na kuna mtego mwingine. Gari lenye bima ya kibinafsi halikukatiwa bima ya kubeba watu kwa nauli. Ukianza kudai nauli, unafanya kazi ya matatu bila leseni ya matatu, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina sababu ya kukukana. Yule uliyembeba ataumia mara mbili. Kwa hivyo anayesema "nitakopa ili niwabebe watu wa Mungu, watanichangia" ahesabu tena.

Basi mimi na mama watoto tumeshikana hivi. Tunachukua gari dogo la viti saba, lile ambalo akiba yetu inaweza kulinunua bila kumwacha mtoto nje ya shule. Na tumelichagua kwa kuanza na walio wadhaifu. Magoti ya mama yangu hayapandi juu, kwa hivyo sakafu iwe chini na mlango uwe wa kusukuma, asihangaike pale tunapoegesha pembamba. Mtoto mchanga anahitaji kiti chake kifungwe imara kwenye safu ya pili. Safu ya nyuma ya magari haya ni nyembamba, inafaa watoto, na hapo pia mkanda wa kila mmoja lazima ufanye kazi. Tuliupima mmoja mmoja kule yadini mpaka yule kijana akachoka na sisi. Tukifungua viti hivyo vya nyuma, nafasi ya mizigo inabaki kidogo sana. Sawa. Desemba tukienda ushago, magunia yatapanda basi.

Na mtu wa nane? Tumekubaliana mapema, kabla ya shida kuja. Akigonga usiku, ninaenda mimi, mgonjwa na mtu mmoja wa kumshika. Mke wangu na watoto wanabaki na nyanya yao. Safu ya nyuma inakunjwa, mgonjwa apate nafasi. Hakuna nauli. Jumapili asubuhi, mtu akihitaji kiti, mmoja wetu mwenye miguu yenye nguvu atatembea au apande matatu. Naandika haya mbele yenu nyote ili mniulize mkiona nimepandisha vioo.

Mtu ataniuliza, "Na Filipo je?" Ni swali zuri. Katika Matendo 8:31 yule Mwethiopia alimkaribisha Filipo apande akae naye garini, na injili ikahubiriwa safarini. Nafasi iliyo wazi inaweza kuwa mimbari. Kwa hivyo mwenye uwezo wa gari kubwa bila deni linalomnyonga, alinunue kwa furaha, na asihukumiwe kwamba ana kiburi. Lakini angalia, yule Mwethiopia alikuwa na nafasi na akaitoa. Wapo wenye viti vinane ambao hawajawahi kusema "panda."

Neno la mwisho ni kwa ninyi wengi msio na gari, kwa sababu somo hili si la wenye funguo peke yao. Tusimfanye mwenye gari kuwa dereva wa kanisa kwa sababu tu Mungu amembariki. Mbebaji naye ana watoto na ana kazi asubuhi. Ukibebwa, usiingie na watu watatu ambao hawakuitwa. Ushirika wa nyumbani unaweza kuweka kitu kidogo kila wiki kwa ajili ya mafuta ya usiku wa shida, mkatoa kama sadaka, mgonjwa asidaiwe. Na kila ushirika ujue leo, si siku hiyo: nani ana namba ya mwenye gari, nani anajua njia ya kumtoa mgonjwa kwenye kichochoro mpaka lami kukiwa na giza, na nani atalala na watoto watakaoachwa. Yule anayelala na watoto wa jirani mpaka asubuhi hana gari, lakini ameshuka kama Msamaria.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:

1. Nyumbani kwako, ni kitu gani umenunua ukisema ni cha kusaidia wengine, na sasa unakihesabia pesa?
2. Tukijaza gari, ni nani kati yetu hukosa mkanda kila mara? Kwa nini ni yeye?
3. Usiku wa leo mtu akigonga, ni nani atabaki nyumbani ili mgonjwa apate nafasi?

Bwana atupe magari, kwa wale tunaoyaomba. Na atupe sote miguu iliyo tayari kushuka. Amina.