Meseji za mwenzio: Inawezekana kuzisoma, lakini umebisha hodi?

BAADA ya swala ya Isha, siku moja mwaka jana, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri nje ya msikiti mpaka watu wakatawanyika. Nilipokuwa navaa viatu akanisogelea, akanitolea salamu, kisha akaniuliza swali ambalo nilidhani ni la kifundi tu: "Ustadhi, hivi kweli inawezekana mtu kusoma meseji za simu ya mwenzake bila mwenyewe kujua?"

Nilimjibu kuwa inawezekana, ingawa si kirahisi kama wanavyodai matapeli. Akanyamaza kidogo, akatazama chini, akasema: "Basi mimi nimeshafanya."

Tukakaa barazani. Haya ninayoyaeleza nimeyaombea ruhusa kwake na kwa mkewe, nao wameridhia kwa sharti la kutotaja majina yao wala mtaa.

Kijana huyu alikuwa amepoteza kazi. Kadiri siku zilivyokwenda akaona mkewe amebadilika. Simu ikilia anasogea pembeni, akiandika anageuza kioo. Shetani hahitaji zaidi ya hapo. Akamwendea fundi simu mmoja, fundi akamwambia: "Niletee hiyo simu dakika kumi tu." Siku mkewe alipokwenda hitima jirani na kuiacha simu ikichaji, akaichukua. Fundi akapachika programu yake, na kuanzia hapo kila meseji aliyoandika au kupokea mkewe ikawa inasomeka pia kwa mume.

Alisoma wiki tatu. Mwanamume aliyemtafuta hakumkuta. Alichokikuta ni mkewe akimwandikia dada yake kuwa ada ya mtoto ameilipa kwa kuuza bangili zake za dhahabu, kwamba mume amekuwa mkali siku hizi, anafoka kwa jambo dogo, kwamba amechoka na hana wa kumwambia, na kwamba kila usiku anamwombea mumewe dua apate riziki.

"Ustadhi," akaniambia, "ningemkuta na mtu ningejua la kufanya. Sasa nifanyeje? Siwezi kumuuliza habari ya bangili, ataniuliza nimejuaje. Siwezi kumwomba radhi kwa kufoka, maana hajanilalamikia. Nikila chakula chake naona haya."

Ndugu msomaji, nimelitafakari sana suala hili tangu usiku ule. Naona wengi wetu tumeshughulishwa na swali la kwanza, yaani inawezekana? Swali la pili, je, inafaa? tumeliacha mlangoni. Hebu tuyachukue yote mawili kwa mpangilio wake.

Je, inawezekana?

Meseji ya kawaida haitoki simu hadi simu moja kwa moja. Inatoka kwako kwa mawimbi hadi mnara wa jirani, inapita katika kituo cha meseji cha kampuni ya simu, kisha inapelekwa kwenye mnara ulio karibu na mpokeaji. Mtu wa kawaida mwenye namba yako tu, asiye na kingine, hana mahali pa kuidaka katika safari hiyo. Kwa hiyo wale wanaotangaza "nitumie namba ya mumeo na pesa, nikuoneshe meseji zake zote" ni wezi. Watachukua pesa yako, na mara nyingine watakutumia kiungo cha kubonyeza ili waibe yaliyomo katika simu yako wewe mpekuzi.

Hata hivyo njia zipo. Ya kwanza ni ile ya fundi wetu, kupachika programu ya kijasusi, ambayo kwa kawaida humlazimu mtu kuishika simu yenyewe kwa dakika chache. Ya pili ni kuiunganisha WhatsApp ya mtu na kompyuta, jambo lililowezekana tangu mwaka 2015. Anayeipata simu ikiwa wazi kwa nusu dakika anaweza kubaki akisoma akiwa mbali, mpaka mwenye simu atakapofungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kumwondoa. Ya tatu ni ya wahalifu wanaodanganya ili wapewe laini mpya yenye namba yako.

Ya nne ni ya wenye fedha nyingi na dola. Mwaka 2016 iligundulika programu iitwayo Pegasus, ya kampuni ya Israel ya NSO Group, ilipojaribiwa kwenye simu ya mtetezi wa haki za binadamu wa Umoja wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor. Mwaka 2019 WhatsApp iliishitaki kampuni hiyo, ikidai kuwa simu za watu wapatao 1,400 zililengwa. Waliolengwa hawakuhitajika hata kupokea simu iliyopigwa.

Na tangu Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha kuzifunga meseji zake kwa namna ambayo aliye njiani hawezi kuzisoma, hata kampuni yenyewe. Hapa pana zingatio kubwa. Ujumbe umefungwa njiani, lakini ndani ya nyumba uko wazi. Asiyekujua ana kazi kubwa ya kukufikia. Anayeweza kukupekua kirahisi ni yule unayelala ukiwa umeiacha simu karibu naye. Kwa maneno mengine, kinachomwezesha mpekuzi ni ule ule uaminifu aliopewa.

Si hivyo tu. Anayepachika programu hizi hafungui mlango kwa ajili yake peke yake. Meseji za mkewe zinapita kwenye mitambo ya watu asiowajua. Mwaka 2023 programu ya Poland iitwayo LetMeSpy ilivamiwa na wadukuzi, wakaiba meseji za watu waliokuwa wakipelelezwa kupitia humo. Mume aliyetaka kujua siri ya mkewe peke yake akawa amemwanika kwa wezi.

Je, inafaa?

Kwetu pwani, na katika miji yetu yote ya Waswahili, mtoto hufundishwa kubisha hodi kabla hajajua kusoma. Unabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Adabu hii imetokana na Uislamu. Sura ya 24, An-Nur, aya ya 27 na 28, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Hiyo mara tatu imethibiti katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (ra).

Imepokewa pia na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (saw), naye Mtume akiwa na kitana cha chuma mkononi. Akambainishia kuwa lau angejua anachungulia angemchoma nacho jichoni, na kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya macho. Tuzingatie hapo. Mtu yule mwili wake ulikuwa nje, kilichoingia ni jicho lake. Na anayesoma meseji za mwenzie akiwa mbali ndivyo alivyo: miguu haikuvuka kizingiti, jicho limevuka.

Ipo pia riwaya katika Sunan Abi Dawud inayomkemea anayetazama barua ya nduguye bila idhini yake. Wanazuoni wamesema sanadi yake ni dhaifu, kwa hiyo sitajenga hoja juu yake. Wala hatuihitaji, maana sura ya 49, Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza waziwazi kupelelezana. Utaona katazo hilo limekaa kati ya dhana mbaya na kusengenya. Dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno.

Wapo watakaosema: mume na mke ni kitu kimoja, hodi ya nini? Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wa elimu. Lakini sura hiyo hiyo ya An-Nur, aya ya 58, imeamrisha hodi ndani ya nyumba moja. Watumishi na watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya mchana, na baada ya Isha. Ama kwa wanandoa hasa, Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (ra) kuwa Mtume (saw) alikataza mtu kurejea safari usiku na kuivamia familia yake kwa lengo la kuwatafutia khiyana au makosa. Nyumba ni yake, mke ni wake, na bado kaambiwa asiingie kwa nia hiyo. Qur'an imewaita wanandoa kuwa ni vazi, kila mmoja kwa mwenzie. Kazi ya vazi ni kusitiri.

Na huko uraiani, ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini kuwa jinai. Cheti cha ndoa si hati ya upekuzi.

Mwenye shaka ya kweli afanye nini?

Sitaki nionekane ninasema kirahisi. Zipo ndoa zenye khiyana ya kweli, na zama hizi khiyana huja na maradhi. Lakini sheria haikumwacha mwenye shaka bila njia. Aulize uso kwa uso. Aite wasuluhishi, mmoja wa kwake na mmoja wa kwa mwenzie, kama ilivyo katika sura ya 4 aya ya 35. Wakapime afya wote wawili. Ikishindikana, ipo talaka na ipo khului. Njia zote hizo ni za mchana, na zote ni ngumu kwa sababu zinamlazimu mtu aseme hofu yake kwa ulimi wake. Simu ya siri inampa mwoga nafasi ya kujua bila kuuliza.

Ama mzazi, yeye ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto wa miaka kumi hapewi simu kama anavyopewa kalamu. Lakini mzazi aseme tangu siku ya kwanza: simu hii nitaitazama, na usiku italala sebuleni. Huo ni ulezi. Kumpa binti simu ukamwambia "ninakuamini", kisha ukapachika jasusi ndani yake, ni uongo wa mzazi kwa mwanawe. Mlezi anabisha hodi, jasusi habishi.

Wengine huleta kisa cha Hatib bin Abi Balta'a (ra), aliyewaandikia Makureshi barua kabla ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria. Mtume (saw) aliwatuma Ali, Zubeir na Miqdad (ra) waifuate barua ile. Ni kweli. Lakini barua ilijulikana kwa wahyi, ilikuwa moja, kwa mwanamke mmoja mahali panapojulikana, na hatari yake ilikuwa ya umma mzima. Hawakupekuliwa wasafiri wote. Kisha Hatib aliitwa, akasikilizwa, akasamehewa. Atakayetaka kukitumia kisa hiki akichukue chote.

Nasema haya kwa sababu sisi Waislamu tunajua uchungu wa kupelelezwa. Mwaka 2011 shirika la habari la Associated Press lilifichua jinsi Polisi wa Jiji la New York walivyokuwa wakipeleleza misikiti, maduka na vyama vya wanafunzi wa Kiislamu. Kitengo kile kilivunjwa mwaka 2014. Tulilaani, na tulikuwa na haki. Tulisema mtu hapelelezwi kwa sababu tu kuna anayemdhania. Sasa hoja hiyo inaishia wapi? Kizingiti cha chumba cha kulala?

Nirudi kwa kijana wetu. Nilimwambia dawa ni moja, akamwambie mkewe, na hiyo programu aitoe usiku ule ule. Alikwenda. Aliniambia baadaye kwamba mkewe hakulia wala hakugomba. Aliuliza neno moja tu: "Tangu lini?" Alipojibiwa akakaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anakumbuka moja moja yote aliyoyaandika.

Bado wako pamoja, alhamdulillahi. Kijana amepata kibarua, na kufoka amepunguza. Simu ya mkewe siku hizi haina namba ya siri, inalala mezani wazi, kila mtu aione. Lakini yule dada yake hapati tena meseji ndefu. Yaliyokuwa yakiandikwa usiku hayaandikwi tena, na mume hajui kama yameisha au yamebaki moyoni. Ameniambia sasa anajifunza kuuliza: "Leo umeshindaje, mama?" kisha anasubiri. Siku nyingine anajibiwa, siku nyingine hajibiwi.

Hodi ndivyo ilivyo. Asiyeitikiwa hurudi, akaja tena kesho.

Wabillahi tawfiq.